Majani Yanayokataliwa na Ng'ombe

Wenzangu wa kitaluni, mliponiona nimerudisha buti na ufunguo wa stoo mliniambia niandike kidogo jinsi kazi ilivyokuwa, ili mwenye kuanza kesho asianze kwa kupapasa. Nimekubali, lakini mjue mapema kwamba vyeo sitavitaja, maana nilianza nikiwa mama wa kumwagilia miche na nimemaliza nikiitwa jina refu zaidi kwa kazi ileile. Mshahara nao tuuache ulipo. Nitawaeleza habari za majani, za ardhi kavu ya makazi yetu ya wakimbizi huku Nakivale, na za kaburi moja la mtaa wa Rubondo ambalo lilinifundisha kuliko semina zote nilizokalishwa Mbarara nikila biskuti.

Kitalu kilikuwa karibu na Kashojwa, palepale mnapopajua, ila wakati ule kilikuwa ua wa matete na bomba moja lililotoa maji siku lilipojisikia. Msimamizi wetu alikuwa Byaruhanga, Mnyankole aliyewahi kuwa mwanajeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini: kifupi, hakina salamu nyingi. Siku yangu ya kwanza nilikuja na jembe langu begani, nimefunga kitenge sawasawa, tayari kuonyesha kwamba sisi tuliotoka milima ya Kivu ya Kusini kulima tunakujua. Akaliangalia lile jembe, akalichukua, akaliegemeza ukutani.

"Leo hakuna kulima, nyabo," alisema, akiniita mama kwa lugha ya kwao. "Leo wewe nakaa hapa. Mvua nakuja. Wewe angalia maji nakwenda wapi."

"Kisha nifanye nini?"

"Kisha naniambia."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya turubai, nikijiuliza kama huyu mzee ana akili timamu. Mvua kweli ikaja, ile ya huku inayopiga kwa hasira na kuondoka kabla hujamaliza kuanua nguo. Niliona maji yakiteleza juu ya udongo mtupu kama juu ya saruji, mekundu, yamebeba mavi ya mbuzi na vijiti. Lakini kila yalipokutana na kishungi cha nyasi yalisita. Yaliacha mzigo wake pale, mengine yakazama, yaliyobaki yakaendelea na safari. Mvua ilipokatika nikaenda kuchokoa kwa kidole. Palipokuwa wazi, chini ya ngozi nyembamba ya tope udongo ulikuwa mkavu kabisa. Kwenye kishungi kidole kilizama chote.

Nilipomweleza nilichokiona, Byaruhanga alisema tu, "Sasa wewe naanza kazi." Jembe langu alinirudishia baada ya siku kadhaa, tena kwa masharti.

Watu wakisikia nchi kame hufikiria mchanga na ngamia. Ninyi mtakaofanya kazi hii mjue kwamba nchi kame ina mpangilio wake, na anayeupanga ni mmea. Majani hayaenei sawasawa. Hukaa mafungu mafungu, na kati ya fungu na fungu pana uwazi. Uwazi huo una kazi: mvua kidogo inayoanguka pale hutiririka hadi kwenye fungu, nalo likanywa la kwake na la jirani. Kwenye mteremko mafungu hujipanga kuukata mteremko, kama mikeka iliyoanikwa. Kishungi kimoja hushika vumbi la upepo, vumbi linakuwa kilima kidogo, mbegu inaangukia hapo, na msimu unaofuata kuna vishungi viwili. Ukija na moyo wa haki, ukataka kila sehemu ya ardhi ipate miche kwa usawa, utaua yote. Nimewaona wengi wenye moyo wa haki.

Byaruhanga alinizoesha kuuliza kila mmea umefikaje ulipo. Migunga ilifika ndani ya matumbo ya mbuzi. Mbuzi hula maganda yake, mbegu ngumu ikalainika humo ndani, kisha ikaangushwa na mbolea yake tayari. Ndiyo maana miche ya migunga utaikuta pale mbuzi wanapopumzika mchana. Vichaka vyenye vijitunda vyeusi vililetwa na ndege, na ukitaka ushahidi tazama chini ya mti wowote mkavu wanapotua. Nyasi zilikuja na upepo, na sisimizi, na pindo za nguo zetu. Nafikiri nimepanda majani mengi Nakivale kwa kitenge kuliko kwa mkono, na hiyo hakuna aliyenilipa.

Kutokana na hayo alinifundisha hila moja ambayo vijana huidharau kwa sababu haina chombo cha kisasa. Chukua matawi ya miba yaliyokufa, yalaze juu ya ardhi tupu, uondoke. Upepo utakwamisha vumbi humo. Ndege atatua. Mbegu itaota, na mbuzi hataifikia kwa sababu ya miba. Chombo kingine kilikuwa vijiti vitatu vilivyofungwa mfano wa herufi A, katikati inaning'inia kamba yenye jiwe. Kwa hicho tulipima mteremko na kuchora mistari inayokaa sawa, maji yasipate pa kukimbilia. Nimetumia vifaa vya betri pia. Jiwe halikuwahi kuishiwa chaji.

Sasa niseme habari zetu wenyewe, maana Byaruhanga asingeweza kuzisema bila kutukosea heshima. Kule milimani kwetu mvua ni nyingi, na shamba ukiliacha kidogo majani yanalimeza. Kwa hiyo tulilelewa kufyeka. Mwanamke alijulikana kwa shamba lake na kwa ua wake, na ua wenye hata unyasi mmoja ulikuwa habari ya kisimani. Tulikimbia na mengi yakabaki, lakini tabia hiyo tulikuja nayo. Kila familia iliyopewa kiwanja ilianza kwa kung'oa kila kilichokuwa kijani, kisha ikafagia mpaka udongo ukang'aa. Jua la huku likauchoma udongo ule ukawa sahani. Mvua ikaja, ikateremka, ikachukua. Na sisi tulipoona ardhi inaharibika, tulizidi kufagia, kwa sababu kwetu dawa ya uharibifu ni usafi. Kosa hilo mtu wa Ankole asingelifanya. Yeye hajawahi kuyaogopa majani.

Basi, Rubondo. Kanisa letu lilikuwa juu ya mteremko, kuta za udongo na mabati juu, na kila Jumamosi sisi akina mama tulifagia mteremko wote kuanzia mlangoni hadi barabara ya chini. Ilikuwa zamu yetu na fahari yetu. Tulifagia tukiimba. Upande mmoja wa chini palikuwa na kiwanja cha Wabiwa, mjane, mwenzangu wa kwaya, na kwenye kiwanja hicho palikuwa na kaburi la mumewe Elisha. Alikufa miaka ya mwanzo, wakati watu wengi walizika mahali walipopewa kuishi. Wabiwa alilizungushia mawe. Kila Jumapili baada ya ibada alilifagia, akanyunyiza maji, akafagia tena, na alama za ufagio zilibaki zimenyooka juu ya udongo kama nguo iliyopigwa pasi.

Chini ya kaburi korongo lilikuwa limeanza. Watu wetu huliita eroziyo, kwa Kifaransa cha shule. Lilianzia barabarani kama ufa, na kila mvua ukingo wake wa juu ulimeguka na kupanda. Korongo hula kuelekea juu, kule maji yanakotoka, na maji yalitoka kwenye mteremko wetu safi wa kanisa. Njiani palikuwa na kaburi la Elisha, na nyuma ya kaburi, nyumba.

Watu wa ofisi ya makazi walikuja, wakatazama, wakamwambia Wabiwa kwa upole kwamba mvua zijazo zikilisogeza korongo, atapewa kiwanja kingine mbali na pale. Siwalaumu. Kazi yao ni watu walio hai. Nilimkuta jioni ile ameketi kizingitini, ufagio mapajani.

"Mama Faida," aliniambia, "miye nilishakimbia mara mingi. Nilikimbia bunduki, nikakimbia na njaa. Maji ya mvua sitayakimbia. Na ule pale chini, nitamuacha na nani?"

Nilimwahidi kwamba kaburi halitaondoka. Sikuwa na haki ya kuahidi hivyo, na nilipokuwa narudi nyumbani nilijua kwamba sasa nimejifunga mwenyewe.

Tulianza na tulichokuwa nacho, miti. Tulipeleka miche mizuri ya kivuli, tukaipanda ukingoni mwa korongo kwa mstari ulionyooka, tukapiga picha. Mvua ya kwanza ikaing'oa yote. Mmoja niliuokota barabarani ukiwa bado na udongo wake wa kitaluni. Wabiwa alikuwa amesimama mlangoni.

"Miti yako ilipita apa," alisema. "Ilinisalimia."

Nilikasirika, lakini si juu yake. Miche michanga ina mzizi mmoja na matumaini, na maji yale hayangojei matumaini. Nilihitaji kitu chenye mizizi elfu, ambacho mbuzi na ng'ombe hawatakigusa, maana pale Rubondo kila kinacholika huliwa. Byaruhanga alikuwa ameshastaafu, anaishi kwake Biharwe, kando ya barabara kuu ya Masaka. Nikaomba ruhusa, nikapanda gari hadi Mbarara, nikabadilisha, nikamfuata.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanitembeza hadi shamba la ng'ombe la jirani yake. Kwenye uzio palikuwa na lundo refu la nyasi zilizochimbwa na kutupwa, ndefu, za kijivu kidogo, na ukizisugua mkononi zinanukia kama mchaichai.

"Hii naitwa omutete," alisema. "Ng'ombe nakataa. Nakula jirani yote, hii naacha. Sasa hii nabaki peke yake, nazaa, nazaa. Mwenye shamba nalia. Nachimba, natupa."

"Na mimi?"

"Wewe nabeba."

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa anatania. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi mmea unavyoweza kuishika nchi: huu haukuwashinda wenzake kwa nguvu, ulikaa tu huku ng'ombe wakiuondolea washindani. Ubaya wake wote kwa mfugaji ulikuwa ndio sifa niliyoitafuta. Mwenye shamba alifurahi sana kuona mtu anakuja kuchukua takataka yake na magunia yake mwenyewe, akanipa hata mtu wa kupakia.

Majani nilikuwa nayo. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, nacho kilikuwa ufagio. Bila kuyapunguza maji yanayotoka juu, hata omutete ungechukuliwa. Nikaomba nafasi baada ya ibada, nikasimama mbele ya watu ninaoimba nao, nikawaambia tuache kufagia mteremko. Mngedhani nimesema tuache kusali.

Pasta wetu alikuwa mtu wa subira. "Mama Faida," aliuliza, "unataka nyumba ya Mungu ikae mu pori?"

"Hapana, Pasta. Mulango tutafagia. Njia ya kupitia tutafagia. Ile fasi ya muteremuko njo ninaomba, tuiache."

Mama mmoja alisema toka nyuma, "Batu batapita na barabara. Batasema ba mama ba iyi kanisa beko bavivu."

"Batasema," nilimjibu. "Na miye batanisema wa kwanza."

Sikuwa naomba jambo dogo, na nililijua. Watu waliopoteza nyumba, mashamba na wapendwa wao walikuwa wamebakiwa na ua safi. Wageni wakija na magari yao makubwa, ule ua uliwaambia kwamba hapa wanaishi watu. Nami nilikuwa nawaambia wauache. Walibishana mpaka watoto wakalala kwenye mabenchi. Mwishowe Pasta akasema tujaribu mpaka mvua zipite, kisha tutazame. Jumamosi iliyofuata tulifagia mlango na njia, tukasimama na mifagio yetu tukiuangalia ule mteremko, hakuna aliyejua wimbo wa kuanzisha.

Wabiwa alikubali kuhusu mteremko. Alikubali tupande omutete kwenye kingo za korongo. Kuhusu kaburi alikataa, na kaburi lilikuwa palepale maji yanapokusanyika kabla ya kuanguka.

"Kanisa ikubali, sawa," alisema. "Miye sikubali. Kaburi yenye majani ni kaburi ya mutu asiye na batu. Elisha iko na mutu. Iko na miye."

Alisema kweli. Hata mimi, nikipita kaburi lenye majani, moyo wangu huuliza wako wapi ndugu zake. Basi nikawa nakwenda kwake kila Ijumaa baada ya kazi. Sikumhubiria. Nilikaa, tukanywa chai ya rangi, tukazungumza habari za kwaya, na tulipomaliza za kwaya tulitazama kaburi. Mimi ni mkaidi na yeye ni mkaidi, na chai ilikuwa ikipoa katikati. Vijana mtaniuliza hiyo ilikuwa kazi gani. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, na haikuhitaji buti.

Halafu ikaja mvua kubwa, mchana, watu wakiwa mashambani. Mteremko wa kanisa ulikuwa umeanza kuota, kwa hiyo maji yalikuja pungufu, lakini ule udongo uliofagiwa wa kaburi uliyapokea yote na kuyatelezesha hadi ukingoni. Ukingo, ambao vishungi vyake vilikuwa bado havijashika, ukameguka. Mawe ya upande wa miguuni yakaanguka korongoni. Jirani aliniambia kwamba Wabiwa alishuka mle ndani mvua ikiwa bado inanyesha, akayapandisha mawe yale mojamoja kifuani, akayarudisha mahali pake, na yalipoanguka tena akashuka tena.

Asubuhi alikuwa kitaluni. Alikuwa ametembea kutoka Rubondo hadi Kashojwa, tope magotini, gunia tupu begani. Hakusalimia.

"Nipe ile majani ng'ombe inakataaka," alisema.

Tulipanda siku hiyohiyo. Andikeni njia hii, maana ni rahisi kukosea. Pasua kishungi kikubwa viwe vidogo, kila kimoja kibaki na mizizi yake. Kata majani yawe mafupi, mmea usipoteze maji kabla haujashika. Pima mstari wako kwa ile A. Panda bega kwa bega bila kuacha mwanya, kwa sababu maji yatautafuta mwanya wako mpaka yaupate. Juu ya mstari laza matawi ya miba. Tulifanya mistari kadhaa upande wa juu wa kaburi na upinde mmoja kulizunguka. Nilipochukua kishungi nipande juu ya kaburi lenyewe, Wabiwa alinishika mkono.

"Apa nitapanda miye."

Akapanda peke yake, amepiga magoti, akishindilia kila shina kwa ngumi. Hakulia. Alipomaliza alichukua ufagio wake uliokuwa umeegemezwa mtini akaupeleka ndani ya nyumba.

Wafugaji walikuja kulalamika, nao walikuwa na haki. Mmoja aliniambia usoni, "Nyiye munatuletea adui hapa." Tulikubaliana naye kwamba vichwa vya mbegu vitakatwa vyote kabla havijakomaa, na majani yatumike kuezekea. Ahadi hiyo sasa ni yenu. Mkizembea msimu mmoja tu, omutete utashuka hadi malishoni kwao na watakuwa sahihi kuwachukia. Mmea huu ni mtumishi mzuri mradi usimwache peke yake na upepo.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Majani yalisimama ya kijivu, kama yamekufa, na kaburi la Elisha likaonekana jinsi Wabiwa alivyoogopa litaonekana. Watu wakasema. Walisema amemsahau bwana yake, walisema pengine amepata mwingine, walisema vitu ambavyo sitaviandika kwa sababu wengine bado tunaimba nao. Yeye aliendelea kusimama mstari wa mbele kwenye kwaya, shingo imenyooka. Siku moja tu aliniambia kwamba Jumapili mchana mikono yake haijui pa kukaa. Nilirudi nyumbani nikalia kwa ajili ya mikono ile.

Mvua ziliporudi nilikuwa kwake. Tulisimama mlangoni tukitazama juu, kanisani. Maji yalikuja, lakini hayakukimbia. Yalishuka mapana na mazito, yakaingia kwenye mstari wa kwanza yakiwa mekundu, yakatoka yamepauka. Kwenye mstari wa pili yalikaa kama yanafikiri. Kilichofika ukingoni kilikuwa kidogo, kikadondoka kwa upole, na ukingo haukumeguka. Wabiwa aliingia ndani akaweka chai motoni.

Kuanzia hapo ardhi ilifanya kazi bila kutuuliza. Nyuma ya kila mstari vumbi lilijaa, na kwenye vumbi ziliota nyasi ambazo hatukuzileta, laini, za kuliwa. Sakafuni mwa korongo ikaota migunga, na kwa hiyo niliwashukuru mbuzi, jambo ambalo mkulima wa Rubondo halifanyi mara nyingi. Mteremko wa kanisa ulijipanga mafungu mafungu kama Byaruhanga alivyonionyesha, na Pasta hakuuliza tena habari za pori. Watu wa ofisi walirudi, wakatembea juu na chini, wakamwambia Wabiwa abaki alipo.

Mngefikiri hapo ndipo kazi ilipokwisha. Nyumba ilibaki, ndiyo. Lakini Wabiwa aliendelea kuishi na kaburi lenye majani, na kila mgeni aliyepita alilitazama kaburi kisha akamtazama yeye.

Majuma yangu ya mwisho kazini nilikuwa kwake tukikata vichwa vya mbegu, wakati mwanamume mmoja mzee alipopanda kutoka barabarani, koti limejaa vumbi, kofia kichwani, mkoba mkononi. Alikuwa Yoeli, kaka mkubwa wa Elisha. Alikuwa ametoka Uvira, akalala Mbarara, na tangu mdogo wake azikwe hakuwahi kufika. Wabiwa alimpokea kwa magoti, kama inavyotakiwa. Mgeni hakutaka maji wala kiti.

"Ndugu yangu iko wapi?"

Wabiwa alimwonyesha.

"Ile pori?"

"Njo pale, shemeji."

"Elisha alikuwa mutu wa usafi," Yoeli alisema polepole. "Tangu utoto. Mulimutupa mu majani, na wewe unaishi apa, unamuona kila siku?"

Nilikuwa na maneno tayari, ya semina na ya kwangu, ya maji na mizizi na mteremko. Wabiwa aliinua mkono kidogo kunizuia. Yoeli aliweka mkoba chini, akaenda, akapiga magoti upande wa kichwani, akakamata kishungi cha omutete kwa mkono mmoja ili aking'oe, kama yeyote kati yetu angefanya. Akavuta. Akakamata kwa mikono miwili, akaegemea nyuma, kofia ikaanguka. Kishungi hakikusogea. Alijaribu cha pili, na cha tatu. Alipofungua viganja vilikuwa vimechanwa na majani.

Hapo ndipo alipoona kilichokuwa mbele yake. Upande wa miguuni mwa kaburi, nyuma tu ya mstari wa mwisho, ardhi ilikatika na kushuka kina kinachopita kimo cha mtu, na ukutani mwa korongo mizizi ya majani yale ilining'inia minene, imefumana, kuanzia juu hadi chini, na udongo wa kaburi ukiwa umekaa ndani yake. Alichungulia muda mrefu. Kisha akamgeukia Wabiwa.

"Wacha, shemeji," Wabiwa alimwambia. "Iko inamushika."

Mzee alibaki amepiga magoti, kofia bado chini. Akaurudisha mkono wake juu ya kile kishungi, safari hii bila kuvuta.